Kadi yako iliishia Uvinza

"Shikamoo mtaalamu. Mwezi wa nane tulipanda treni hapa Tabora kumpeleka mama kwao Ujiji. Hakuwa amefika huko tangu mazishi ya babu, miaka 26. Nilipiga picha kwa simu yangu ya megapikseli 12 mpaka ikasema imejaa. Tuliporudi nikanunua kwa machinga memori kadi ya GB 512 kwa shilingi 15,000, nikachagua 'Hamisha', picha zote zikaingia, kama 2,700 pamoja na za harusi ya mdogo wangu mwaka juzi. Wiki mbili mambo yalikuwa shwari. Sasa zinafunguka kama 1,900 tu. Za harusi zipo, za treni zipo mpaka Uvinza, lakini kuanzia kushuka Kigoma na Ujiji yote ni kijivu kitupu. Simu inaniambia nifomati kadi. Fundi mmoja anataka 60,000 azirudishe. Picha moja ya mama chini ya mwembe niliirusha kwenye grupu la familia, nikaipeleka studio wanisafishie A3 niweke sebuleni, wakasema itatoka na ukungu. Je, picha zangu ndiyo basi? Na hizi zilizobaki nizipangeje nisirudie kosa? Nimeambatisha hiyo ya mama uione."

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla hujasoma zaidi: usikubali kufomati. Zima simu, chomoa kadi, ikunje kwenye karatasi, iweke mahali ambapo mtoto hafiki. Halafu rudi tuongee.

Nikikuelewa vizuri, kinachokuuma hasa ni zile za Ujiji. Mama amerudi kwao baada ya miaka 26, na kilichobaki mkononi ni picha moja ya kwenye grupu. Naona pia unajilaumu. Lipo kosa lako, nitalitaja, lakini ni dogo. Kubwa ni kwamba umeuziwa kadi ya kughushi.

Watu wanaokuja studio kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na shida kama yako huanza kwa kuniambia kadi imeingia virusi. Wengine wanasema imechoka, au iliungua kwa joto la dashibodi. Yako haijaharibika hata kidogo. Inafanya kazi ileile iliyotengenezewa.

Ndani ya memori kadi kuna vitu viwili. Kuna chipu ya kuhifadhi, tuiite ghala. Na kuna chipu ndogo inayosimamia ghala, tuiite karani. Simu haiingii ghalani kuhesabu nafasi. Inamuuliza karani, na karani akisema GB 512, simu inaamini. Kwenye kadi ya kughushi karani amefundishwa kutaja 512 wakati ghala ni la GB 8 au 16. Simu inaanza kuleta mizigo. Karani anaandika daftarini jina la kila picha, tarehe yake na ukubwa wake, na daftari liko pale mwanzoni mwa ghala kwa hiyo linabaki zima. Ghala likijaa, karani hasemi kitu. Anaendelea kupokea, anaendelea kuandika, na mzigo wenyewe anautupia mlango wa nyuma. Ndiyo maana ukifungua kadi unaona majina yote 2,700, na ukubwa wa kila faili umeandikwa vizuri kabisa. Daftari halina tatizo.

Fanya hesabu uone. Simu yako ni ya megapikseli 12, na picha moja ya kamera hiyo ni kama MB 4. Zidisha kwa 1,900 unapata MB 7,600. Hilo ni ghala la GB 8, limejaa mpaka mlangoni. Na kwa nini Uvinza? Simu nyingi huipa picha jina kwa tarehe na saa, kwa mfano IMG_20250816 na kuendelea, kwa hiyo mpangilio wa majina ndio mpangilio wa siku. Iliingia harusi kwanza, zikafuata za stesheni ya Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, na treni ilipofika Uvinza nafasi ikaisha. Naamini ukiitafuta utakuta picha moja pale mpakani ambayo juu ni nzima na chini ni kijivu. Faili la picha husomwa kutoka juu kushuka; data ikikatika njiani, simu inajaza rangi sehemu iliyobaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa inapita mlangoni ghala lilipojaa.

Utauliza, mbona wiki mbili zote zilikuwa zinaonekana? Ulichokuwa unakiona kwenye galari ni vijipicha, vile vya mraba vidogo, ambavyo simu huvitengeneza na kuviweka kwenye hifadhi yake yenyewe ili galari ifunguke haraka. Mara nyingi hubaki hata kama picha yenyewe haipo tena. Kama hata leo kuna kijipicha cha Ujiji kinachoonekana kabla ya kugeuka kijivu, kipige picha ya kioo (screenshot) sasa hivi. Kitakuwa na ukubwa wa stempu, lakini uso wa ndugu yako kwenye stempu ni bora kuliko kijivu.

Sasa kosa lako: ni neno "Hamisha". Ukinakili, unakuwa na picha mbili, moja hapa na moja kule. Ukihamisha, unabaki na moja ileile, imebadilisha chumba tu. Simu ilipoambiwa na karani kwamba mzigo umepokelewa, ikafuta ule wa kwake, na faili lililohamishwa kwa kawaida halipitii kwenye kapu la takataka. Watu wengi hudhani wamehifadhi picha kumbe wamezihamisha tu.

Tuje kwa fundi wa 60,000. Hapa Kigoma tuna meli yetu, Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe, ikaibuliwa mwaka 1924, na 1927 ikaanza safari tena. Iliibuliwa kwa sababu ilikuwepo chini ya maji. Picha zako za Ujiji hazikuzama kwenye kadi hiyo, hazikuwahi kupanda. Hakuna programu duniani itakayoibua kitu ambacho hakikuandikwa, na huyo fundi hata akikesha nayo atakurudishia zilezile 1,900 ulizonazo.

Sitaki kumwita mwizi, maana inawezekana amewahi kurudisha picha za watu na akadhani kadi zote ni sawa. Kwenye kadi halali, ukifuta picha, kinachofutwa ni jina lake daftarini. Mzigo unabaki ghalani mpaka uwekewe mwingine juu. Mwaka mmoja kijana wangu alifomati kadi yenye harusi ya Gungu, akapiga picha kama arobaini juu yake ndipo akashtuka. Tuliichomoa, tukaiacha kwenye kompyuta usiku kucha na PhotoRec, programu ya bure, asubuhi karibu zote zikawa zimerudi. Zilizokosekana ni za kukata keki, kwa sababu zile arobaini zilikalia nafasi yake. Bibi harusi bado ananikumbusha kila tukikutana sokoni. Kwa hiyo kazi hiyo ipo na ni ya kweli, ila haihusu kadi yako. Haihusu hata simu yako: simu za miaka hii hufunga data kwa ufunguo wa siri na kusafisha haraka eneo lililofutwa, kwa hiyo anayekuahidi kuvuta picha zilizofutwa ndani ya simu mwulize atafanyaje, na usimlipe kabla hujaziona.

Lakini picha zenyewe huenda ziko kwingine. Anza na Google Photos. Angalia kama ilikuwa inahifadhi nakala kwenye akaunti yako. Watu wengi waliiwasha siku waliponunua simu na hawakumbuki. Ingia kwa kompyuta, kwa akaunti ileile, utafute tarehe za safari. Kila akaunti ina GB 15 za bure, zinazogawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha, na tangu Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa humo. Kwa hiyo inawezekana iliacha kupokea katikati, lakini inawezekana pia Ujiji imo. Na hapa kuna mtego uliowaumiza wengi kuliko kadi za kughushi: ukifuta picha ndani ya programu ya Google Photos, unafuta pande zote mbili, kwenye simu na kule juu kwenye akaunti. Mtu anasema "si ziko Google", anafuta ili apate nafasi, kumbe anafuta zenyewe. Kuna kitufe maalumu cha kuondoa kwenye simu zile tu ambazo nakala yake imeshapanda, na ndicho cha kutumia.

Halafu WhatsApp. Ulizorusha ziko kwenye simu za watu wote wa grupu, kwa hiyo usiogope kwamba zimepotea. Ila zimepunguzwa. Kamera yako inatoa picha ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 4,000 kwa 3,000. Ukiirusha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaikamua ili isile bando, na upande mrefu mara nyingi hubaki na pikseli 1,600 hivi. A3 ina urefu wa inchi 16.5. Gawanya: picha ya asili ingekupa pikseli 242 kwa kila inchi, inapendeza hata ukiisogelea. Ya grupu inakupa 97. Hao wa studio hawakukwepa kazi, walikuambia ukweli, na wengine wangesafisha tu wakachukua hela. Siku nyingine ukitaka picha ifike nzima kwa WhatsApp, itume kama waraka (Document), si kama picha. Hata Bluetooth na Xender hupeleka faili lilivyo. Kumbuka tu kwamba faili zima husafiri na tarehe yake, na kama kamera imeruhusiwa kurekodi mahali, linabeba na eneo ilipopigwa. Kwa ndugu si neno. Kwa picha za watoto wakiwa nyumbani, fikiria unampa nani.

Sasa hizo 1,900. Kesho nenda mahali penye kompyuta, uzinakili zote kutoka kwenye kadi, narudia, uzinakili, kisha ufungue ishirini au thelathini ovyo ovyo kwa ukubwa wake kamili, hasa za mwisho. Ukiridhika, nakili tena sehemu ya pili. Kadi hiyo baadaye ivunje, usimpe mtoto aweke miziki, maana siku moja mtu ataiokota na kuiamini.

Sehemu ya pili iwe wapi? Nikuambie ukweli, hakuna isiyo na ila. Diski ya nje inabeba miaka yako yote na bei yake inavumilika, lakini ikianguka kutoka mezani imeanguka na harusi. Flashi na kadi ni nafuu, ila si za kuwekwa kabatini miaka kumi bila kuguswa. Chaji inayoshikilia data hupungua polepole. Google haianguki mezani, lakini inakula bando, na akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 wana haki ya kuifuta. Tena wengi wanafungiwa nje kwa sababu laini iliyosajiliwa kwenye akaunti ilipotea na neno la siri halikumbukwi. Ningekuwa wewe ningeweka zote kwenye diski moja, kisha zile bora, kama 150, nipandishe Google kwa bando la usiku, na nakala nyingine kwenye flashi nimpe ndugu aliyeko Ujiji. Nyumba mbili, mikoa miwili. Moto au mwizi hafiki kote siku moja.

Ukinunua kadi au flashi, chukua GB 64 dukani kwa mwenye risiti, na uijaribu kabla ya kuiamini. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, zote za bure. Zinaijaza kadi yote kisha zinaisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Huna kompyuta? Ijaze kwa video ulizonakili, ufungue ya mwisho. Ikicheza mpaka mwisho, na ya kwanza nayo ikacheza, karani ni mwaminifu. Fungua na ya kwanza, maana kuna makarani wengine ambao ghala likijaa hurudi mwanzo na kupanga mizigo mipya juu ya ya zamani.

Kupanga si kugumu kama unavyoogopa. Folda moja kwa safari moja, na jina lianze na mwaka, kisha mwezi: "2025-08 Tabora Ujiji na mama". Ukianza na jina la mahali, kompyuta itakuchanganyia Ujiji ya mwaka huu na Ujiji ya mwaka kesho. Ukianza na mwaka zinajipanga zenyewe. Usianzishe folda ndani ya folda ndani ya folda. Nimeona watu wana "Picha mpya", "Picha mpya 2", "Picha mpya kabisa". Ndani ya folda ya safari weka folda moja tu ya zile ulizochagua. Mbegu za maembe hazipandwi zote, na picha kumi na nne za dirisha la behewa zinaweza kubaki mbili. Kazi hii fanya jioni za safari yenyewe, ukiwa umekaa unasubiri chakula, si mwaka unaofuata.

Lililo gumu, na ambalo hakuna programu itakufanyia, ni majina ya watu. Sokwe wa Gombe hapa jirani wanajulikana dunia nzima kwa sababu mtafiti Jane Goodall, alipofika mwaka 1960, aliwapa majina na kuandika nani ni nani: Flo, Fifi, David Greybeard. Bila majina wangekuwa sokwe tu mtini. Ukoo wako una wazee kwenye picha za treni na za harusi ambao mama yako peke yake ndiye anayewajua. Kaa naye jioni moja, fungua picha moja moja, washa kinasa sauti cha simu, mwache aseme: huyu ni mtoto wa nani, aliolewa wapi, huyu alishatangulia. Faili la sauti liweke kwenye folda ileile. Akisimulia Ujiji ambayo picha zake zimepotea, usimkatize. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya safari.

Niseme na kidogo juu ya upigaji, maana picha ya mama uso umefifia. Nyuma yake kuna uwanja wenye jua kali na yeye yuko kivulini. Kamera ilipima mwanga wote kwa pamoja, ikaona ni mwingi, ikapunguza, na aliyeumia ni aliye kivulini. Siku nyingine gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kubonyeza, kamera itapima pale. Na kwa Kigoma nzima kumbuka kwamba ziwa liko magharibi. Jioni ukimsimamisha mtu mgongo kwa ziwa utapata kivuli chenye umbo lake na machweo mazuri ya Kongo. Ukitaka sura, piga asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Mwezi wa nane kuna ukungu wa moshi wa nyika na milima ya ng'ambo haionekani sawasawa. Hilo si kosa la simu.

Lini utafute mtu ana kwa ana? Kama kompyuta haiisomi kadi kabisa, au inaisoma na kuipoteza kila baada ya dakika, usiendelee kuichomeka. Mpelekee mwenye studio anayetunza kadi za harusi, kaa pembeni yake wakati ananakili, na usiache simu yako ikiwa wazi. Anayekuomba neno la siri la Google ili "azivute", ondoka.

Kuhusu sebule, nina wazo. Hiyo ya grupu isafishe inchi 5 kwa 7. Utapata pikseli kama 228 kwa inchi na itatoka safi. Mwambie wa fremu akuwekee kadibodi nyeupe pana kuizunguka, picha ndogo itajaza ukuta vizuri.

Lakini subiri kidogo kabla hujaenda. Picha uliyoniambatishia nimeikuza. Kushoto, pembeni kabisa, nyuma ya kiti cha mama, kuna mkono wa kijana umetokeza na simu yenye kava jekundu, na kamera yake imemwelekea mama. Mama anatazama huko, hakutazami wewe. Ndiyo maana anacheka. Muulize mkono huo ni wa nani. Akikumbuka, mpigie kijana leo, umwambie asiirushe WhatsApp na asifute kitu, aitume kama waraka.